Ukurasa Alioruka Baba Mdogo

Hotuba za baba mdogo wangu nilikuwa naziandika mimi. Naanza hapo kwa sababu hasira yangu inaanzia hapo.

Baba mdogo ni mwenyekiti wa kijiji chetu huko Muleba. Jina la kijiji naliacha, maana watu wake bado ni watu wangu na makaburi ya kwetu yako pale. Nilikuwa kidato cha pili aliponiita mara ya kwanza akaniambia, "Mwanangu, mwandiko wako unasomeka. Niandikie salamu za serikali, kesho tunazika." Kwetu hakuna msiba ambao serikali haisalimii. Mchungaji akimaliza, ukoo ukishashukuru, mwenyekiti anasimama, anatoa karatasi mfukoni, na watu wanatulia hata kama wanajua atakachosema. Nilimwandikia kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yake, mistari sita au saba kwa ukurasa. Poleni wafiwa, asanteni majirani, tudumishe umoja. Nikaandika za misiba, za mikutano, za ujenzi wa choo cha shule. Nikamaliza kidato cha nne, nikaendelea. Nikaolewa, nikaendelea.

Nilikuwa najivunia, sitaficha. Nilikaa nyuma kabisa na wanawake wenzangu, nikasikia maneno yangu yanatoka kwa ile sauti yake nene, nikaona yanavyotiiwa. Akisema mbuzi wasizurure, jioni hiyo hiyo mbuzi wamefungwa. Akisema fulani asinyanyaswe, hanyanyaswi. Yule mzee anasikilizwa. Mtu asije akaniambia kwamba hata angesema isingesaidia kitu.

Sasa hivi niko Bukoba, Ijuganyondo, chumba na sebule, mimi na binti yangu wa miaka mitatu. Mume wangu yuko kwao Uganda. Hatujaachana. Nasema hilo mapema kwa kuwa kijijini wanasema alikimbia, na wanaosema hivyo wanajua walichofanya.

Anatoka milima ya mashariki mwa Uganda, kwenye watu ambao tangu enzi za babu wa babu yake wanashika dini ya Kiyahudi. Ni weusi kama mimi, wanalima kahawa na migomba kama sisi, ila Jumamosi hawagusi jembe. Alifika kwetu na lori la ndizi, akabaki kufanya vibarua vya mashamba, na mimi nikampenda kwa jinsi alivyokuwa anacheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Kijiji kilimchukua kuwa Msabato. Ijumaa jua likizama tuliwasha mishumaa miwili mezani, tukala. Mimi ni Mlutheri, kipaimara nimepata, na hakuna aliyenitaka niache. Jumapili nilienda kanisani, yeye akabaki na mtoto anamwimbia nyimbo za kwao, Kiebrania chenye lafudhi ya Kiganda.

Siku moja msibani mzee mmoja akamuuliza, "Bwana Msabato, kwani kanisa lenu liko wapi? Mbona hatukuoni ukienda?"

"Ssebo," mume wangu akamjibu kwa heshima ya Kiganda, "mimi si Msabato. Mimi ni Myahudi."

"Myahudi! Mweusi hivi?"

"Jua la Uganda lilinikuta shambani."

Walicheka mpaka mchungaji akageuka. Toka siku hiyo wakamwita Myahudi, kama unavyomwita mtu Fundi au Mwalimu. Mimi nikaona sawa. Nilidhani jina likishafanyiwa utani limeshakuwa la nyumbani.

Kisha vita vya Gaza, huko mbali, vikaingia kwenye simu zetu. Watu wakawa wanatumiana video na sauti, nyingine za kweli, za watoto waliofunikwa vumbi, ambazo hata mume wangu aliziangalia akanyamaza. Nyingine za mtu asiyejulikana anayeeleza kwa Kiswahili kizuri kabisa kwamba Wayahudi ndio wanaendesha dunia, ndio wanaleta magonjwa. Hizo nazo zikasambaa. Mbeya, Mwanza, kwetu. Hakuna aliyeuliza huyu anayesema ni nani.

Na mwaka huo huo migomba yetu ikaanza kunyauka.

Asiyelima ndizi nitamweleza. Jani linageuka njano kama limemwagiwa maji ya moto, linainama. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani zina kutu. Ukikata shina linatoa uji wa njano. Hakuna dawa. Unakata, unafukia, unalia. Kwetu kibanja cha migomba ndicho nyumba yenyewe, yaani babu kakiacha, baba kakiacha, ukila ugali siku mbili mfululizo watu wanakuuliza kuna nini.

Mume wangu alikuwa anaujua ugonjwa huo, kwao ulishapita. Kwa hiyo wenye migomba inayoumwa walimwita yeye aje kukata. Na kila alipofika kwenye kibanja, kabla hajagusa mgomba, aliwasha moto mdogo pembeni, akaligeuza panga juu ya moto upande huu na upande huu mpaka likafuka. Akimaliza mgomba mmoja, anarudi motoni. Ua la mgomba hakulikata kwa panga, alilivunja kwa kijiti chenye panda. Na akifanya kazi huwa anaimba polepole. Ndivyo alivyo, hata akiosha vyombo anaimba.

Watu wakaangalia. Wakaona Myahudi anawasha moto, anaimba kwa lugha wasiyoijua, analipitisha panga kwenye moto, na migomba kwenye kibanja hicho inakufa. Ni kweli ilikufa! Aliitwa ikiwa imeshaoza. Daktari anayeitwa kwa mahututi peke yao, si kila siku atakuwa anaonekana anatoka nyumba yenye msiba?

Niliyasikia kwanza bombani.

"Dada, hebu tuambie, lile panga analiombea nini?"

"Haliombei. Analichoma, vijidudu vife."

"Vijidudu vya nani?" Wakacheka.

"Mimi nimesikia hawa watu walitia sumu visimani huko Ulaya," akasema mwingine.

"Wewe Ulaya umefika lini?"

"Sijafika, ila simu yangu inafika."

Wakacheka tena, na mimi nilitaka kucheka, maana lilikuwa jibu zuri. Mama mmoja wa kwaya, ambaye nimeimba naye sauti ya kwanza tangu nikiwa msichana, akasema bila kunitazama, "Na Yesu walimuua. Hilo hutakataa, kila Pasaka tunasoma." Nikamwambia Yesu mwenyewe alikuwa Myahudi, na mama yake. Akasema, "Ala, sasa unatufundisha dini." Nikajaza ndoo yangu.

Ndoo ya lita ishirini haipandi kichwani peke yake. Lazima mwenzako akushikie upande mmoja. Siku hiyo waliniacha nikaihangaikia, nikajimwagia nusu, nikaondoka na kilichobaki. Wiki iliyofuata nikaanza kwenda na ndoo ya lita kumi, mara mbili.

Nyumbani nako. Kwetu mgeni akifika unamkaribisha, nyegera waitu, unamletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna hata kama huna kingine. Wageni wakawa wanachukua kahawa, wanaishika, wanazungumza, wanaaga. Nikifagia nazikuta chini ya benchi, nzima, hakuna hata iliyong'atwa. Nilizizoa kwa mkono moja moja. Sikumwonyesha mume wangu. Baadaye nikajua na yeye alikuwa anaziokota bila kunionyesha mimi.

Basi nikaenda kwa baba mdogo. Na hapa ndipo watu wanaponiambia nipunguze hasira, lakini ngoja niseme. Baba mdogo alikuwa anajua. Mwanzoni mwa masika aliitwa kwenye mafunzo ya kata, siku mbili, bwana shamba aliwafundisha wenyeviti mambo ya mnyauko. Wakaonyeshwa kuchoma panga motoni. Wakaonyeshwa kile kijiti chenye panda. Nimejuaje? Ripoti yake niliiandika mimi! Alirudi akaniambia, "Andika kwamba nimehudhuria na nimeelewa." Alitakiwa kuitisha mkutano awafundishe watu. Hakuitisha. Ripoti iko kabatini kwake.

Nilimkuta anakunywa uji.

"Baba mdogo, wewe unajua kwa nini analichoma panga."

"Najua."

"Basi sema."

"Nikisema, wataniuliza mbona hukutuambia tangu masika."

"Waambie ulisahau."

"Mwenyekiti hasahau, mwanangu. Mwenyekiti anachelewa." Akacheka mwenyewe. Mimi sikucheka, akaweka kikombe chini. "Halafu hili la Wayahudi ni mambo ya mataifa. Lina vita ndani yake, lina dini ndani yake. Kiongozi wa chini akiingiza mdomo humo, hatoki."

"Hayo mataifa ndiyo yanamwogesha mjukuu wako kila jioni."

Akakichukua tena kikombe, akamaliza uji. Nampenda baba mdogo, hilo nalo niliandike. Baba yangu alipofariki ndiye aliyenipeleka shule ya sekondari kwa baiskeli, na sanduku langu akalibeba kichwani mlima wote. Akasema, "Haya. Mkutano mkuu ni Alhamisi, na diwani anakuja. Andika. Fupi. Nitasoma."

Niliandika karatasi tatu. Ya kwanza salamu, ya tatu barabara na shule. Ya pili naikumbuka neno kwa neno. Niliandika: Ndugu wananchi, ugonjwa wa migomba unaenezwa na panga chafu, na wadudu, na machipukizi ya shamba linaloumwa. Hauletwi na dini ya mtu. Mkazi mwenzetu anachoma panga lake kwa sababu ndivyo wataalamu walivyotufundisha sisi wenyeviti, na mimi nilichelewa kuwaambia. Maneno yanayosemwa hapa kijijini juu ya Wayahudi ni uongo. Nayakataza.

Basi. Sikumwomba awapende Wayahudi. Sikumwomba achague upande kwenye vita vya watu. Neno "nilichelewa" nililiweka kwa heshima yake, ni lake mwenyewe.

Alhamisi tulikaa mbele ya ofisi ya kijiji, wanaume kwenye mabenchi ya shule, sisi kwenye nyasi. Mume wangu hakuja, alisema akija watamtazama yeye badala ya kusikiliza. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni. Diwani alipewa nafasi kwanza. Ni mtu mcheshi, watu wanampenda kwa hilo. Akazungumzia migomba, akasema serikali inafanya utafiti, kisha akatabasamu. "Nasikia na nyie mna Myahudi wenu. Wenzetu huko duniani wanatawaliwa nao, sasa wamewafikia na ninyi!" Watu wakapasuka kicheko. "Natania jamani, natania." Kicheko kikaongezeka. Nikawaona waliokuwa wanasema kwa kunong'ona bombani wanatazamana usoni. Walikuwa kama watoto waliosikia mwalimu anatukana. Kumbe inaruhusiwa.

Nikajisemea, tulia, baba mdogo hajasimama.

Akasimama. Akavaa miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza vizuri, kwa ile sauti yake. Akalamba kidole gumba, akafunua. Zilifunuka mbili kwa pamoja. Nikadhani zimegandana. Lakini alisimama kidogo, akaitazama ile karatasi ya pili pale chini ya kidole, akaniangalia mimi huko nyuma kwenye nyasi, halafu akasoma, "Kuhusu barabara yetu…"

Nikasimama na mtoto mgongoni. "Baba mdogo, umeruka ukurasa."

Mtu akaguna. Diwani akasema kwa upole kabisa, "Binti, mkutano una utaratibu. Nyoosha mkono, utapewa nafasi."

Nikanyoosha. Akapewa mwenye mbuzi, akapewa mwenye mpaka, akapewa mwalimu, akapewa mwenye mbuzi tena. Nilibadilisha mkono ulipokufa ganzi. Baba mdogo hakuangalia tena upande wa nyasi. Mkutano ukafungwa kwa sala, na ile sala ikaombea umoja.

Nimefikiria sana tangu hapo kuhusu watu wenye kipaza sauti. Yule diwani hajawahi kumchukia mume wangu, hata hamjui. Baba mdogo alikuwa anamsifu kwa kuchapa kazi. Kama wangekuwa wakulima tu, mmoja mtani na mmoja mwoga, nisingekuwa na neno nao. Lakini mtu ukishakubali kusimama mbele ukaambiwa mheshimiwa, utani wako si utani tena na kunyamaza kwako si kunyamaza. Watu wanatoka pale wanasema, si ulisikia? Mwenyekiti hakupinga. Nilisikia kwa masikio yangu, njiani, nyuma yangu, "Angekuwa hana kosa, si baba mdogo wa mkewe angemtetea?"

Leo naelewa kwamba hata kabla ya mawe kurushwa kwetu, hukumu ilishatoka.

Mawe yalikuja Jumamosi, mchana kweupe. Mume wangu amelala, mtoto kifuani kwake. La kwanza nikadhani parachichi limeanguka kwenye bati. La pili likafuata. Yalikuwa matano au sita, si makubwa. Nikatoka nje nikapiga kelele nikamwita kila ninayemjua kwa jina. Hakuna mlango uliofunguliwa. Kwa baba mdogo ni vibanja vitatu tu, na bati likigongwa linasikika.

Nilipoingia mume wangu alikuwa amekaa kitandani anamfunga mtoto viatu.

"Twende wapi?" nikamuuliza.

"Sijui, nyabo," akasema, kwao ndiyo bibie. "Lakini akae na viatu."

Ndipo akaniambia jambo la bibi yake. Zamani kwao, wakati wa yule mtawala aliyepiga dini yao marufuku, bibi alificha vitabu vya sala shimoni chini ya jiko. Askari hakuwaogopa sana, alisema, askari anakuja anaondoka. Aliyemuumiza ni chifu wa pale, aliyekuwa anakula kwake kila sikukuu, aliyeulizwa kama anawajua watu hawa akasema ngoja nifikirie. Mume wangu alinisimulia hivyo bila hasira. Hasira zote nilibaki nazo mimi.

Alikaa wiki tatu zaidi. Hakuna aliyemwita kazini. Kisha akavuka mpaka wa Mutukula kwenda kwao kutafuta kazi, akasema baba yako mdogo akisoma ile karatasi mbele za watu, siku hiyo hiyo narudi. Nilimwamini na bado namwamini. Mimi nikahamia Bukoba, nikapata kazi kwenye duka la steshenari, natoa kopi na kuchapa barua za watu. Mwenye nyumba ni bibi wa Kiislamu, mjane, wazee wake walitoka pwani. Nilimficha habari za mume wangu miezi miwili. Siku alipouliza baba wa mtoto ni kabila gani nikajikaza nikasema yote, Myahudi, Uganda, mawe. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Watoto wa kule Gaza wananiliza kila siku, sitakudanganya. Lakini mumeo kamfanya nini mtu?" Nikasema hakumfanya mtu kitu. "Basi," akasema, akaendelea na mchele wake. Nikalia, mara ya kwanza tangu siku ya mawe. Bibi huyo hajawahi kuchaguliwa na mtu yeyote kwa kitu chochote.

Ila upweke haukuisha kwa hilo. Jioni mtoto anaweka sahani tatu. Ijumaa nawasha mishumaa mwenyewe, mimi Mlutheri, kwa sababu asipoiona mtoto anauliza, na sala yenyewe siijui yote, nafika katikati nakwama tunakaa tu tunaiangalia.

Mwezi uliopita baba mdogo alikuja. Amekonda. Alishuka na mkungu wa ndizi kutoka Kimwani, maana zetu zimekwisha. Akamnyanyua mtoto, akasifia chumba, akakaa.

"Mambo yamepoa, mwanangu. Mnyauko umefika mpaka vibanja ambavyo mumeo hakuwahi kukanyaga. Watu wameona wenyewe haikuwa yeye."

"Wameona. Umewaambia?"

"Si wameona?"

"Nimekuuliza umewaambia."

Akajikuna kidevu. Kumbe alikuwa na shida. Mgeni mkubwa kutoka wilayani anakuja, na mada ni amani na umoja. Kijana waliyempata kumwandikia anaandika herufi kama za sisimizi. "Niandikie, waitu. Wewe ndiye unayeyajua maneno yangu."

Nikamwambia nitaandika. Nitaandika hata karatasi kumi. Ila ya kwanza kabisa, kabla ya salamu, iwe ile aliyoiruka, na siku hiyo nitakuja kukaa mbele niione midomo yake.

"Mbele ya mgeni? Hapana. Baada ya uchaguzi, nakuahidi. Sasa hivi wapinzani watasema mwenyekiti anatetea Wayahudi."

"Si ndivyo itakavyokuwa? Utakuwa unatetea. Ndiyo kazi yako."

"Umekuwa mkali, mwanangu."

"Nimeachwa peke yangu, baba mdogo. Si sawa na ukali."

Hakunywa chai. Nilimsindikiza mpaka barabarani kwa sababu ni baba yangu, nikasubiri naye gari la Muleba. Alipopanda alinipungia mkono dirishani. Nikampungia.

Mkutano wa amani na umoja ulifanyika. Binamu yangu alinitumia hotuba yote kwa simu, nimeisikiliza mara mbili nikiwa nimefunga mlango wa duka. Amani ya nchi, amani ya ndoa, amani ya mipaka ya mashamba. Makofi.

Jumapili mume wangu akapiga, kama kawaida yake.

"Amesema?"

"Hajasema."

Nikamsikia anavuta pumzi. Nyuma yake kuku walikuwa wanapiga kelele na mtu anapasua kuni. Hakumlaumu baba mdogo, hakunilaumu mimi. Akaniuliza mtoto anakohoa bado, nikasema kidogo. Kisha akasema kule kwao kuna shule ya chekechea, inafundisha kwa Kiganda na Kiingereza, mwakani binti yetu atakuwa amefikia umri, je, nimtafutie nafasi au tungoje?

Miaka yangu yote nimeishi Kagera. Kiganda sijui hata kuomba maji. Nilimtazama mtoto sakafuni anachora kwenye karatasi zilizoharibika za dukani.

Nikamwambia, mtafutie.